Wanyama Waliolala Nyakemesi

Samira Abdurahmani aliliona bango lake hata kabla hajashuka kwenye pikipiki. Lilikuwa limegeuzwa mlango wa choo.

Alilitambua kwa herufi. Hakuna fundi mwingine wa mabango Tarime nzima aliyeandika M iliyopanua miguu namna ile, kama golikipa anayesubiri penalti. LINDA CHEMCHEMI, bango lilisema, USICHIMBE WALA USIOSHE MAWE HAPA. Sasa lilikuwa limesimamishwa kwa ubavu na kufungwa kwa waya kwenye nguzo, na ili ulisome ilibidi uinamishe shingo mpaka sikio liguse bega. Mwanaume mmoja mwenye vumbi hadi kwenye kope alitoka nyuma yake akikaza mkanda wa suruali.

"Dada, foleni inaanzia kule," alimwambia kwa upole.

Dullah, jirani yake wa mtaa wa Bomani aliyembeba, alicheka mpaka pikipiki ikazima. Samira hakucheka. Kazi ile aliifanya kwa moyo. Alikuwa amepiga rangi mikono miwili, akapigia mistari kwa uzi, akalisafirisha mwenyewe mpaka Nyanungu likiwa limefunikwa shuka ili lisichubuke. Kumbe alikuwa anawatengenezea watu stara.

Samira hakuwa ameajiriwa na mtu yeyote. Alikuwa na brashi zake, makopo yake, na kijichumba kando ya duka la baba yake, Mzee Abdurahmani, fundi cherehani ambaye wazazi wake walitoka Tanga zamani wakaweka makazi Tarime. Kazi ilipokuja aliifanya, isipokuja alikaa mlangoni akipiga soga na wateja wa baba. Aliandika majina ya maduka na saluni, maneno ya nyuma ya malori, na maonyo kwenye kuta za shule. Herufi alizipenda kama wengine wanavyopenda nyimbo. Wanyama na watu hakuchora, maana baba yake hakupenda viumbe wachorwe, naye hakuona sababu ya kumuudhi.

Siku hiyo hakuja kwa ajili ya chemchemi. Aliitwa na Christina, mama lishe aliyekuwa amefungua kibanda cha chakula machimboni na alitaka ukuta wake upambwe.

Machimbo yenyewe, hapo Nyanungu, hayakuwepo mwaka uliotangulia. Palikuwa na shamba la mtama, ng'ombe, na bonde la Nyakemesi lenye chemchemi yake katikati ya majabali. Kisha mtu mmoja akang'oa kisiki shambani, akatoka na jiwe lenye unyuzi wa manjano. Habari ile ilikimbia kuliko moto wa kiangazi. Watu wakaja kutoka Rorya, Mugumu, Geita, na wengine kutoka ng'ambo ya Sirari wakisema "niaje" badala ya kusalimia. Rashi, yaani mbio za dhahabu, ikaanza. Mashimo, ambayo wenyewe waliyaita maduara, yakachimbwa kila upande. Maturubai yakasimama, karasha za kusaga mawe zikanguruma toka asubuhi, na bei ya yai ikawa kama ya kuku mzima.

Christina hakuwa na muda wa kumpoza Samira kuhusu bango. "Usijali, angalau wanalifunga vizuri," alisema huku akigeuza ugali. "Mimi nataka picha. Herufi hawasomi, wana njaa. Nimeipa hoteli yangu jina la Chui. Nichoree chui mkubwa hapo ukutani, anayetazama sahani."

"Mimi sichori wanyama, Christina."

"Basi nitamtafuta wa Sirari. Anachora hata simba mwenye miwani."

Hapo Samira alichomwa mahali pake. Alifungua kopo la njano, akachora chui. Na kwa kuwa ndiye chui wa kwanza maishani mwake, alitokea na mashavu mapana, masikio ya mviringo, na sura ya paka aliyekula samaki wa jirani. Madoa tu ndiyo yaliyotulia.

Wachimbaji walipokuja kula mchana walimcheka chui yule hadi wakapaliwa. Mmoja tu hakucheka. Alikuwa kijana mrefu aitwaye Mwikwabe, mpasuaji mawe, aliyekuwa ameketi ameupa ukuta mgongo. Aligeuka, akamtazama chui kwa muda, akavua kofia. Kisha akabeba sahani yake na kuhamia benchi la pili.

"Amekukera?" Samira aliuliza.

"Hapana, dada. Sisi ni watu wa chui. Babu zetu walituachia huyo. Hatumuui, hatuvai ngozi yake, na tukikutana naye njiani tunampisha. Siwezi kula nimempa makalio."

"Lakini huyu hafanani hata na chui. Tazama mashavu."

"Naona," Mwikwabe alikiri kwa masikitiko. "Umemkosea sana. Lakini ni yeye."

Muda si mrefu mwenzake alitaka kumwaga makombo ya chai ukutani. Mwikwabe alimdaka mkono hewani. "Pale kuna mkubwa wetu, mura," alisema, na yule mwenzake akayamwaga kwingine bila ubishi.

Samira aliacha kuosha brashi. Bango lake lenye herufi zilizonyooka, lenye amri na rangi nyekundu, lilikuwa mlango wa choo. Paka huyu mnene, aliyechorwa kwa hasira, alikuwa amemnyanyua mwanaume mzima kutoka kwenye chakula chake.

Alimwambia Dullah amsubiri, akateremka kwa miguu hadi kwenye chemchemi.

Huko alimkuta Gati, mwenyekiti wa kamati ya maji, ndiye aliyemwagiza bango lile. Gati alikuwa mama wa makamo aliyekaribia uzee bila kuukubali, mwenye sauti iliyoweza kumwita ng'ombe kutoka kilima cha pili. Alikuwa anachota maji kwa kata, polepole, akikwepa tope. Kifusi cha maduara kilikuwa kimeteremka mpaka ukingoni. Matete yalikuwa yamefyekwa kuezekea vibanda, na mikuyu miwili ilikuwa imekatwa ikawe matimba ya kushikilia kuta za mashimo. Hatua chache juu, vijana walikuwa wamechimba vidimbwi vya kuoshea mawe, na maji yaliyotoka humo yalirudi bondeni yakiwa na rangi ya uji wa ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mswahili wangu. Umeliona bango?"

"Nimeliona."

"Mimi nimewapigia kelele mpaka koo limekauka. Wananiamkia vizuri, wananibebea ndoo, halafu wanarudi kuchimba. Si watu wabaya. Dhahabu imewaziba masikio tu."

Samira alimsimulia habari ya Mwikwabe na chui. Gati aliweka kata chini. Alitazama majabali yaliyozunguka chemchemi upande wa juu, makubwa, mengine ya ukubwa wa nyumba, yamekaa kama ng'ombe waliojilaza.

"Kila mmoja aliyeko huku ana mnyama wake," alisema taratibu. "Watu wa chui, watu wa pundamilia, watu wa kiboko, watu wa tembo. Hata hao wanaojifanya wa mjini, mama zao waliwaambia. Ukiwachora hapa juu ya mawe, nani atapitisha kifusi juu ya mnyama wake?"

"Nina rangi ya mafuta makopo matano..."

"Hiyo yako ya kopo ikichuruzika ndani ya maji, ng'ombe wangu wanywe? Acha hiyo. Njoo nyumbani."

Nyumba ya Gati ilikuwa imepakwa nusu yake ya chini kwa udongo mwekundu na juu kwa udongo mweupe, na kati yake mistari ya masizi iliyokwenda kama mawimbi. Alimwonyesha Samira vyungu vyake. Udongo mwekundu ulitoka kwenye kichuguu, mweupe ulitoka kwenye kingo za mto, mweusi ni masizi ya chungu na mkaa uliosagwa. Vyote aliviponda, akavichanganya na maziwa yaliyokatika ili vishike. "Mvua kubwa itaondoa," alisema. "Lakini hata nyumba napaka kila mwaka. Kitu usichokirudia ni kitu ulichokisahau."

Samira alirudi Bomani akiwa na donge la udongo ndani ya mkoba na swali moja. Alimkuta baba yake akipindisha suruali ya mteja. Alimweleza yote, kuanzia choo mpaka majabali, bila kuficha kwamba chui mmoja alikuwa tayari ameshamchora.

Mzee Abdurahmani aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono. Ndipo akainua uso.

"Herufi sawa. Lakini viumbe, mwanangu, unajua moyo wangu ulivyo."

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuja kukuuliza kabla."

"Hayo maji ni ya nani?"

"Ya kila mtu. Na ng'ombe. Na huko chini yanaingia kwenye mto."

Mzee alikata uzi kwa meno. "Kumpa mtu maji ni sadaka inayoendelea hata ukishalala kaburini. Hilo sitakuzuia." Alifikiri tena. "Ila usiwape macho. Macho ndiyo yanayonisumbua."

"Baba, nikichora mnyama hana macho watanicheka mpaka Sirari."

"Kwani mtu akilala macho yake unayaona? Walaze. Chora wamefumba."

Samira alimbusu baba yake mkono, akacheka, na mteja aliyekuwa anasubiri suruali naye akacheka ingawa hakuelewa chochote.

Kazi ilianza wiki iliyofuata. Samira alipita kwenye maduara akiuliza, "Wewe ni mtu wa mnyama gani?" Mwanzoni walidhani ni wazimu wa mjini. Kisha habari zikaenea kwamba watu wa chui wamepewa jabali kubwa kuliko yote, na hapo hapakukalika. Watu wa pundamilia walikuja kundi zima kulalamika. Watu wa kiboko walisema jabali la karibu na maji ni lao kwa haki, na hakuna aliyeweza kuwapinga. Mwikoma mmoja kutoka upande wa Serengeti alidai tembo mwenye pembe ndefu, na akasimama pale hadi pembe zikafika urefu aliotaka. Mjaluo kutoka Shirati alitaka chatu, na alitaka azungushwe jabali lote mpaka kichwa kikutane na mkia.

"Na mimi?" Dullah aliuliza. "Mimi nataka pikipiki."

"Pikipiki hainywi maji," Gati alimjibu.

Samira aligundua kwamba hakuhitaji kujua kuchora wanyama. Walimfundisha. "Pundamilia habebi shingo hivyo, dada, huyo ni punda wa Christina." "Kiboko mguu mfupi. Mfupi zaidi. Sasa umempa wa meza." Walimletea udongo kwa karai zao za machimboni, wakamsagia mkaa kwa nyundo zao, wakamshikia ngazi. Naye alichora mistari mikubwa kwa mkaa, wanawake wa kamati ya Gati wakajaza rangi kwa viganja. Kila mnyama alilazwa, kichwa juu ya miguu, macho yamefumbwa kwa mstari mmoja uliopinda kidogo.

"Mbona wote wamelala?" Mwikwabe aliuliza siku chui mpya alipomalizika. Mashavu bado yalikuwepo. Samira alijitahidi, lakini mkono wake ulikuwa umeshazoea.

Kabla Samira hajapata la kusema, Gati alijibu. "Wamekunywa maji, wameshiba, wamelala. Ole wake atakayewaamsha."

Ikaanza kama utani. Mtu akipita na toroli karibu na majabali wenzake walimwambia, "Polepole, wamelala!" Watu walinong'ona kwa kuchekesha, wakatembea kwa ncha za vidole. Lakini mzaha ukirudiwa sana huwa unakaa mwilini. Baada ya muda hakuna aliyemwaga kifusi upande ule. Wenye vidimbwi vya kuoshea mawe walivihamisha mbali, ng'ambo ya njia, wakidai wenyewe kwamba kule upepo ni mzuri. Karasha iliyokuwa jirani ilisogezwa kwa kukokotwa na vijana kumi na kitu, wakiimba.

Kilichomshangaza Samira hakukitegemea kabisa. Asubuhi moja aliwakuta watu wa kiboko wamesimama ndani ya tope hadi magotini, wanapanda matete.

"Nani amewatuma?"

"Hakuna," alisema mmoja wao. "Lakini dada, hebu mwangalie. Kiboko gani analala juani, hana hata jani? Tunaona aibu."

Watu wa chui kusikia hivyo walikwenda kukata matawi ya mkuyu, wakayachomeka mstari mzima chini ya jabali lao. Tawi la mkuyu ukilichomeka penye unyevu linashika. Chui bila mti, Mwikwabe alieleza, ni kama mchimbaji bila sururu. Watu wa pundamilia hawakukubali kubaki nyuma. Walizungushia miiba sehemu yao nyasi ziote. Maji ya chemchemi yalianza kutulia. Gati alichota kata moja, akatumbukiza vidole ndani yake, akaviona mpaka kucha.

Tatizo lililetwa na Machage.

Machage alikuwa na duara kubwa kuliko yote, na sauti ya kulingana nalo. Mtu mnene, mkarimu, mwenye kofia pana, aliyependa kulipia chai ya watu asiowajua. Yeye pia alikuwa mtu wa chui, na siku ya kuchora alichangia maziwa. Lakini mkanda wa mawe yenye dhahabu ambao vijana wake waliufuata chini ulikuwa umekata kona. Ulielekea moja kwa moja chini ya jabali la chui.

Aliwaamuru vijana walivunje. Mwikwabe, aliyekuwa msimamizi wa wapasuaji wake, aliweka nyundo chini na kukaa juu yake. Wengine wakakaa pia. Machage akaenda kutafuta vibarua wa Geita, ambao hawakuwa na habari na chui yeyote. Walikuja, wakatazama jabali, wakaona watu waliokaa kimya na nyundo zao, wakauliza mmoja mmoja kama kuna kazi nyingine.

Basi Machage akaja Bomani. Alijaza mlango wa duka la Mzee Abdurahmani, akasalimia kwa heshima, akakaa kwenye kigoda kilicholalamika.

"Samira, wewe ni fundi. Fundi anafanya kazi ya mteja, si ndiyo?"

"Ndiyo, Mzee Machage."

"Nataka umbadilishe yule chui. Simwambii mtu amuue. Mgeuze awe kitu kingine, kisicho na mwenyewe. Ukimaliza, jabali litakuwa jabali tu. Taja bei yako, mimi sitabisha."

Samira alitazama sakafu. Kazi ya majabali ililipwa kwa maziwa, asali, na jogoo mmoja mkorofi. Siku ya kulipa pango la kijichumba ilikuwa inakaribia. Na Machage alikuwa amesema ukweli kuhusu fundi na mteja. Baba yake alishona kanzu akiwa ameinamisha kichwa. Ndani ya Samira kulikuwa na mtu mdogo aliyekuwa tayari anahesabu makopo mapya ya rangi.

"Nitakuja," alisema mwishowe. "Lakini utanieleza mbele ya watu nichore nini. Mimi sichori kwa kubahatisha."

Machage alipeana naye mkono kwa furaha. Samira hakulala vizuri kwa sababu ya mkono ule.

Siku ilipofika, machimbo yote yalikuwa yamesimama. Hata karasha zilikuwa kimya. Watu walikaa juu ya vifusi kama watazamaji wa mpira, Christina akapitisha mandazi kati yao. Samira alipanda ngazi, akashika mkaa wake. Alimgeukia Machage, akapaza sauti isikike kwa wote.

"Haya, mzee. Nimgeuze awe nani?"

"Sungura," Machage alisema. "Sungura hana mwenyewe."

"Ana!" sauti ilitoka juu ya kifusi. "Sungura ni wa ukoo wa shemeji yangu!"

"Mwongo wewe, shemeji yako ni mtu wa tembo!"

"Wa upande wa mama!"

Machage alipunga mkono. "Basi mbuzi."

"Mbuzi ni wa hoteli yangu," Christina alisema. "Umemla juzi, na ulirudia mchuzi."

Kicheko kilianza chini chini.

"Kuku, basi!"

"Kuku ni wangu," Dullah alipaza sauti. "Mimi ndiye ninayewabeba kila siku kwenye pikipiki. Ukoo mzima unanijua."

"Chora ng'ombe!" Machage alifoka, uso umeshaanza kumpasuka kwa kuzuia kicheko. "Ng'ombe tu, imetosha!"

Watu walitazamana. Kisha bonde lote likalipuka. "Ng'ombe!" Kila mkono ulikuwa juu, wa Mkurya, wa Mjaluo, wa Mwikoma, wa Msukuma. Kwa ng'ombe hapakuwa na mtu ambaye hakuwa na haki. Watu wawili walishindwa kucheka wakiwa wameketi, wakateleza na kifusi mpaka chini.

"Basi futa!" alisema Machage. "Liache jiwe tupu."

Samira alishuka ngazi. Alikuwa amefikia mahali alipopaogopa, na alishangaa kuona kwamba kinywa chake kinajua la kusema. "Hilo siwezi, mzee. Mimi nilimlaza, siwezi kumwamsha. Kama ni kumfuta, amfute wa kwao."

Gati alikuwa tayari na ndoo na tambara. Alilichovya ndani ya maji ya chemchemi, akalikamua, akamkabidhi Machage kwa mikono miwili, kwa heshima kabisa, kama mtu anayempa mgeni kitambaa cha kunawia.

Machage alilichukua. Alipanda ngazi, ngazi ikalia. Akawa uso kwa uso na chui. Kicheko kilikufa. Maji yalidondoka kutoka kwenye tambara, tone moja moja, juu ya kiatu chake. Samira alimwona shingo, jinsi ilivyokuwa na jasho, akamhurumia ghafla. Alikuwa ameweka kila alichonacho ndani ya lile duara.

Machage aliinua tambara, akalishusha tena. Kisha akasema, bila kugeuka, kwa sauti iliyokuwa na mashaka, "Hivi mbona amefanana na mjomba wangu Heche?"

Gati aliishika ngazi isiyumbe.

"Kweli kabisa. Mashavu haya. Alikuwa akilala hivihivi baada ya kula, mkono chini ya kidevu. Mama alitukataza kucheza karibu." Mabega yake yalianza kutikisika, na watu walidhani analia, mpaka walipomsikia. Alikuwa anacheka, kicheko cha tumboni, kimemshika mpaka ilibidi amshike chui bega asianguke. "Mjomba Heche! Nimwage maji usoni kwa mjomba Heche! Marehemu mama yangu angefufuka aje na fimbo!"

Alishuka akifuta machozi kwa lile tambara, akajipaka masizi usoni mzima.

"Mwikwabe," alisema. "Mkanda ule, tukiuingilia kutoka juu, kule kwenye mteremko?"

"Tutachimba zaidi," Mwikwabe alisema akinyanyuka kutoka kwenye nyundo yake. "Lakini tutakuwa wakavu. Hapa chini, bosi, tungeogelea."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia. Ulikuwa unapiga kelele."

Walichimba kutoka juu. Mkanda haukuwa mnono kama Machage alivyouota. Uliwalipa vijana wake, ukampa yeye mabati ya nyumba na jozi ya maksai, kisha ukakonda na kupotelea mwambani. Samira alilipwa kwa kuandika jina jipya kwenye toroli zote za Machage. Jina hilo lilikuwa MJOMBA, na M zilipanua miguu kuliko wakati wowote.

Rashi huja na kuondoka. Kabla ya mvua za masika habari zilifika kwamba kuna jiwe limeonekana kwingine, na katika siku chache maturubai yalikunjwa, karasha zikapakiwa, Christina akahama na sufuria zake. Gati alisimama njiani kama askari wa forodha. Hakuna mwenye duara jirani na majabali aliyepita kabla ya kurudisha kifusi shimoni. Machage alimaliza la kwake wa mwisho, akiwa amevua shati, akiwalaumu watu wa tembo kwamba wameacha mashimo makubwa kama miguu yao.

Masika yalipopita, udongo mwingi ulikuwa umesombwa. Chatu alibaki na kichwa tu, pundamilia akawa kama ameloweka mistari yake. Wanawake wa Nyanungu walitoka na vyungu, na siku ile ya kupaka upya ikageuka kuwa sherehe. Litungu lilipigwa, nyuzi zake zikirindima kwa kina, wazee wakacheza, na watu wa chui waliobaki kijijini wakampaka mkubwa wao kwa mikono yao. Matawi ya mkuyu yalikuwa yametoa majani. Katikati ya matete ndege wadogo wekundu walikuwa wameshafanya makazi. Samira alikuja kama mgeni, akala nyama, na alipoomba brashi aliambiwa akae, kazi ina wenyewe.

Wiki chache baadaye, ugeni ulifika Bomani: wanawake wawili na mzee mmoja kutoka Kenyamonta, wamevaa nguo za safari, wamebeba kibuyu cha maziwa. Kijito chao nacho kilikuwa kimevamiwa na wachimbaji, na walikuwa wamesikia habari za majabali ya Nyakemesi.

"Sawa," Samira alisema akivuta benchi. "Nyinyi ni watu wa wanyama gani?"

Mzee alisema simba. Mwanamke wa kwanza akasema mzee huyu ameoa tu kule, mnyama wa pale anajulikana ni nyati. Mwanamke wa pili alishika kiuno, akavuta pumzi ndefu, na Mzee Abdurahmani, sindano ikiwa kati ya midomo, akasimamisha cherehani ili asipitwe na neno.

Samira aliwamiminia chai, akawaacha waendelee, akatoka nje kumuuliza Dullah kama pikipiki ina mafuta ya kutosha kufika Kenyamonta.